Nguzo Ishirini na Saba za Luanda Kotieno

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa nimevaa sketi ya kwenda kanisani. Nilikuwa nimekwenda kuomba ukarani katika yadi moja ya mbao karibu na Kibuye, hapa Kisumu, na cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa ndani ya bahasha niliyoishika kwa vidole viwili isije ikachafuka. Meneja wa yadi, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, alikisoma cheti pande zote mbili, ingawa upande wa pili haukuwa na kitu, kisha akaniambia karani amepatikana asubuhi hiyo hiyo.

"Kazi iliyobaki ni ya kuchimba mashimo ya nguzo," akasema, akijua nitaondoka.

"Inaanza saa ngapi?" nikamwuliza.

Alitazama sketi, akatazama viatu, akaita, "Wafula! Njoo, kuna mtu wako hapa."

Bwana Wafula alikuwa nyapara wa kikosi cha kujenga nyua. Yadi ile iliuza mbao, lakini mteja akitaka, ilimpelekea na mafundi wa kumjengea ua nyuma ya nyumba, ule ua mrefu wa kumkinga na macho ya jirani. Wafula alikuwa mtu wa Bungoma, mwembamba, na sikuwahi kumwona akikimbia hata mvua ikimfukuza. Alinipa mtaimbo, akanionyesha duara la chokaa lililochorwa nyuma ya yadi.

"Unaitwa nani?"

"Awuor."

"Wa wapi?"

"Alego."

"Na huko Alego mnachimba?"

"Tunalima, Bwana. Kulima si kuchimba?"

"Kulima ni kukwaruza," akasema. "Mimi nataka shimo. Lala chini, ingiza mkono. Ukigusa chini kabla bega halijafika kwenye mdomo wa shimo, hujamaliza."

Udongo wa sehemu ile ni mweusi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na siku hiyo jua lilikuwa limewaka wiki tatu. Nilichimba kutoka saa tatu hadi saa tisa. Nilipolala chini kupima, shavu langu likiwa kwenye vumbi, bega liliingia sawasawa. Wafula alishusha timazi, ule uzi wenye risasi nchani unaoonyesha kama kitu kimesimama wima, akaona kuta za shimo hazikupinda.

"Kesho uje na suruali," akasema. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Nyinyi vijana mnaojenga siku hizi mna mashine ya kutoboa ardhi kwa dakika tano, nami nafurahi kwa ajili ya migongo yenu. Lakini wengi mnaniuliza bei ya ua inapatikanaje, na naona mnaanza kwa kuhesabu mbao kwa sababu ndizo zinazoonekana. Wafula alitufundisha kuhesabu kutoka chini. Kwanza urefu wa mpaka kwa futi. Gawa kwa nane, maana kati ya nguzo na nguzo ni futi nane. Ongeza moja la kuanzia, na hapo unapata idadi ya mashimo. Kila shimo lina kokoto zake chini ili maji yasikae, lina saruji yake, na lina jasho la mtu. Ukishamaliza ardhi ndipo unapanda juu: nguzo zenyewe, za mkaratusi uliotiwa dawa ya mchwa, mbao za kulala, zile tatu zinazopita kutoka nguzo hadi nguzo, na mwisho mbao za kusimama, ambazo ndizo ua wenyewe machoni pa mteja. Mteja akilalamika kwamba bei ni kubwa, atakuomba upunguze kule chini asikokuona. Mpunguzie urefu, mpunguzie uzuri wa mbao, lakini kule chini usiguse.

Hilo la mwisho sikulijua kwa kuambiwa. Nililijua Bondo.

Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini tulipotumwa huko kujenga ua wa nyumba ya wapangaji, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu. Mwenye nyumba, mzee mmoja aliyependa heshima, alijenga bafu la nje upande wa nyuma, na alitaka ua wa mbao uliofungwa kabisa. Wafula alikuwa na kazi nyingine mjini, akaniachia mashimo. Udongo wa pale ulikuwa mwekundu juu, lakini ukishuka futi mbili ulikutana na tabaka la mawe madogo yaliyoshikana kama zege. Mtaimbo uliruka mkononi. Nilichimba mashimo manne vizuri, na hayo mengine kumi nikayaachia pale pale kwenye futi mbili. Nilijiambia mawe yale ni magumu, yatashika nguzo yenyewe. Nikatia saruji juu, nani angejua?

Siku ya tatu baada ya kumaliza, tulikuwa bado Bondo tukipaka dawa, upepo wa kabla ya mvua ukaja. Ua uliofungwa bila nafasi kati ya mbao hauna tofauti na tanga la mashua. Upepo haupiti, unasukuma. Nilisikia mlio mrefu, kama mtu anayefungua mlango wa kanisa, na ua wote ukalala chini kwa pamoja, kwa adabu kabisa, kutoka pembe moja hadi nyingine, zile nguzo kumi zikizing'oa na zile nne. Bafu halikuwa na ukuta upande ule, kwa kuwa ua ndio uliokuwa ukuta wake. Na mle ndani alikuwamo mwenye nyumba, na povu la sabuni limejaa kichwani.

Hakuona kitu kwa sababu ya povu. Aliendelea kujisugua na kuimba wimbo wa Jumapili. Wasichana kumi na wawili waliokuwa wakifua nguo walisimama, wakatazama, wakageuka wote kwa pamoja kutazama upande wa pili, halafu mmoja akashindwa kujizuia. Kicheko kile kilifika sokoni.

Wafula alikuja kesho yake. Nilimngojea nikiwa nimekwisha funga mizigo yangu, najua nimefukuzwa. Alitembea shimo hadi shimo, akiingiza mkono. Mashimo manne ya kwanza alitikisa kichwa kukubali. La tano mkono wake uliishia kwenye kiwiko. Akaketi ukingoni.

"Ulichoka hapa," akasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Ungeniambia umechoka ningekuja na mtu wa pili. Kuchoka si kosa, Awuor. Ulinificha." Akasimama, akajipangusa suruali. "Chimba haya kumi upya. Mimi nitachimba na wewe. Halafu tutaenda kumwomba mzee msamaha, na wewe ndiye utakayeongea."

Tulichimba siku mbili. Mzee alitupokea akiwa amevaa koti na tai, nadhani ili kufidia. Nilimwambia ukweli wote. Mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona kwamba anacheka. "Sasa wapangaji wote wananisalimia vizuri," akasema. "Zamani walikuwa wananiogopa."

Miaka michache baadaye, siku moja Meneja aliniita ofisini. Wafula alikuwa amesimama dirishani.

"Kuna kazi Luanda Kotieno," Meneja akasema. "Ua wa nyuma ya nyumba. Wafula anasema uende wewe kama nyapara."

Nilimtazama Wafula. Alikuwa anatazama nje, kana kwamba malori ya yadi yalikuwa kitu kipya kwake.

"Na yeye?" nikauliza.

"Mimi nitakaa hapa nisikie habari," Wafula akasema.

Tuliondoka alfajiri na lori la mbao, mimi na vibarua wawili, Ouma na Barasa. Luanda Kotieno ni mahali pa kupokelea samaki, na ndipo feri ya kwenda Mbita inapotia nanga, kwa hiyo tangu asubuhi hadi jioni watu wanapita: wenye ndoo za omena, wale dagaa wa ziwani, wenye pikipiki, wenye mizigo ya sokoni. Nyumba tuliyoendea ilikuwa juu kidogo ya njia hiyo. Kila aliyepita aliona ndani ya uwanja wa nyuma kama anayetazama sinema: kamba ya nguo, kuku, jiko, na mwenye nyumba mwenyewe.

Mwenye nyumba alikuwa Mwalimu Consolata. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya pale kwa miaka mingi, na sasa alikuwa amestaafu. Alikuwa mrefu, mwenye miwani yenye mnyororo, na alizungumza nasi kama wanafunzi waliochelewa gwaride la asubuhi. Nusu ya wavuvi wa ufuo ule aliwafundisha kusoma, na nusu nyingine aliwafundisha wazazi wao.

"Futi sita kwenda juu," akaniambia. "Na nisione mwanya. Hata wa kupitisha jani la nyasi. Umesikia, Mama?"

"Nimesikia, Mwalimu. Lakini mbao za saiprasi zikija ni mbichi. Ukizibananisha leo, baada ya miezi miwili zitakauka zisinyae, na kila mahali pawe na mwanya wa kidole."

Alivua miwani. "Kwa hiyo?"

"Tunaweza kuzipandanisha, moja juu ya nyingine. Hiyo inakula mbao nyingi. Ama tuzipige zikibanana, halafu juu ya kila kiungio tupigilie banzi, yale mabaki membamba ya pembeni ya gogo ambayo yadi inauza rahisi. Zikisinyaa, banzi linaficha."

"Mabanzi," akasema mara moja. Nikaona ni mtu ambaye amehesabu pensheni yake.

Nilipima uwanja kwa uzi: futi mia mbili kwa jumla ya pande tatu. Hiyo ni nguzo ishirini na sita, na moja zaidi ya lango. Pembe ya chini ilinipa shida. Kulikuwa na kijia kilichokanyagwa, kipana, nyasi zake zimelala, kikitoka ziwani na kukata pembe ya shamba lake. Ouma alikitazama akasema neno moja tu: "Kiboko." Nikavuta uzi ndani futi kumi.

"Mbona unanikata shamba langu?" Mwalimu akauliza. "Jiwe la mpaka liko kule."

"Mwalimu, kiboko hasomi hati ya shamba. Tukijenga juu ya njia yake atapita tu, na ua ataubeba shingoni."

Alitafakari hilo. "Basi mwachie," akasema, kwa sauti ya mtu anayemsamehe mwanafunzi mkaidi.

Siku ya pili mvua ilitishia mchana. Saruji haipaswi kuguswa na maji kabla ya wakati wake, kwa hiyo nikabeba mfuko mmoja begani na kuukimbiza stoo ya nyuma ya jikoni. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani, chini ya shuka la maua, kulikuwa na kitu chenye magurudumu. Nilipokuwa nashusha mfuko shuka liliteleza. Ilikuwa baiskeli mpya ya kike, nyekundu, makaratasi ya dukani bado yamezungushiwa kwenye usukani. Nilipogeuka, Mwalimu Consolata alikuwa amesimama mlangoni.

"Hukuona kitu," akasema.

"Sikuona kitu, Mwalimu."

"Hata hao vijana wako."

"Hata hao."

Sikuelewa, lakini nilikuwa nimeahidi. Tukaendelea kuleta mifuko, na kila aliyeingia stoo alikuta shuka limefungwa kwa kamba kama maiti.

Tatizo lilianza pale tuliposimamisha mbao za kwanza. Watu waliokuwa wamezoea kuona walipoona hawaoni, wakaanza kusimama. Kwanza wawili, halafu kumi. Mwanamke mmoja mwenye ndoo ya omena aliniuliza kama Mwalimu ameanza kupika pombe. Mwendesha pikipiki mmoja akasema hapana, lazima kuna bwana. Mzee mmoja akainama sikioni mwangu na kutamka neno ambalo huku kwetu halisemwi kwa mzaha, *jajuok*, yaani wale wanaosemwa hukimbia uchi gizani na kutisha watu majumbani mwao. Nilicheka. Yeye hakucheka. Jioni Ouma alikuja kuniambia kwamba mama wa dukani amekataa kumpa Mwalimu chumvi mkononi, ameiweka juu ya kaunta. Hapo na mimi niliacha kucheka. Mtu anaweza kuishi bila ua. Kuishi mahali ambapo watu hawakupi chumvi mkononi ni shida nyingine.

Siku ya nne naibu wa chifu alikuja na wazee wawili. Alikuwa kijana mnene mwenye kofia ya kazi, na alivua kofia alipomwona Mwalimu, kisha akakumbuka na kuivaa tena.

"Mwalimu, shikamoo. Hii kazi isimame kidogo."

"Kwa nini isimame?"

"Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

Alitazama viatu vyake. "Wanataka kujua kitakachofanyika ndani."

"Tangu lini mtu anaomba ruhusa ya kufunga nyuma ya nyumba yake?" Mwalimu alinyooka mpaka nikadhani amepanda juu ya tofali. "Wewe nyumbani kwako una pazia dirishani. Je, nilikuja kuuliza?"

Wazee walikohoa. Watu walikuwa wamejaa njiani, na wote walimsikia. Nilimtazama Mwalimu. Sauti yake ilikuwa ya gwaride, lakini macho yake yalikuwa kwenye mlango wa stoo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, neno baiskeli, na kila kitu kingekwisha pale pale kwa kicheko. Hapo nikaelewa kwamba ndicho alichokuwa anakiogopa, kicheko hicho. Na mimi ilikuwa kazi yangu ya kwanza kama nyapara, nguzo kumi na tisa zimesimama na nane bado, lori litarudi Ijumaa, na Wafula anasubiri habari.

"Mzee," nikamwambia naibu wa chifu, "mimi ndiye fundi. Niulize mimi."

"Haya. Ndani kuna nini?"

"Sasa hivi? Kuku saba na kamba ya nguo. Ingia uhesabu."

"Na ile stoo?"

"Ile ina saruji yangu, na mvua hiyo inakuja. Kwa leo mlango ule siufungui, hata angekuja Meneja wangu." Tone la kwanza lilinipiga usoni wakati ule ule, namshukuru Mungu. "Lakini ukitaka kujua kama hii kazi ni halali, njoo nikuonyeshe. Jiwe la mpaka lile pale. Ua uko ndani ya mpaka, na kiboko ameachiwa njia yake. Urefu ni futi sita. Nguzo zimeingia ardhini kiasi cha bega langu. Shika hii. Itikise."

Alishika nguzo ya pembe. Akatikisa. Akaweka mguu, akavuta kwa uzito wake wote, na alikuwa na uzito. Nguzo haikusema kitu. Kofia yake ilianguka, na mtu mmoja njiani akaanza kushangilia kama kwenye mieleka. Naibu wa chifu akahema, akaitazama nguzo, akanitazama.

"Hii yaweza kushika hata ng'ombe dume?"

"Wawili."

"Kwangu nyuma kuna kama futi mia moja hivi," akasema kwa sauti ya chini. "Ingekuwa kiasi gani?"

Nilimpigia hesabu pale pale, kuanzia chini kwenda juu, mvua ikitulowesha sisi sote, na aliposikia neno mabanzi akataka kujua bei yake. Wazee walikimbilia chini ya paa. Alipoondoka aliwaambia watu, "Ni ua tu. Rudini kazini." Sijui kama walimwamini, lakini waliondoka, kwani mvua ilikuwa kubwa.

Mwalimu Consolata alinipa taulo na chai jikoni. Aliniongezea chai kikombe changu kilipofika nusu.

"Ungeweza kusema," akaniambia.

"Ningeweza."

"Nilipokuwa msichana, shule ilikuwa mbali, tena mlima. Kaka zangu wawili walipewa baiskeli. Baba alisema msichana hapandi baiskeli, ni aibu. Nilitembea. Wao walinipita kila asubuhi wakipiga kengele." Alitabasamu kidogo. "Halafu nikawa mwalimu, nikabebwa. Nyuma ya baiskeli za watu, nyuma ya pikipiki, ndani ya gari la idara. Maisha yangu yote nimebebwa, Awuor. Sasa nataka kujibeba. Lakini nitaanguka, sivyo? Anayejifunza anaanguka. Na wale wote pale njiani niliwachapa kwa sababu ya jedwali la kuzidisha. Wakiniona nimelala chini miguu juu, nitapita wapi tena?"

Nilimaliza chai yangu, nikatoka kwenye mvua kuangalia kama mashimo yaliyobaki yameingia maji.

Alhamisi alasiri tulipigilia banzi la mwisho. Nilizunguka ua wote kwa ndani nikitafuta mwanya dhidi ya jua, nisione hata mmoja. Niliwatuma Ouma na Barasa ufuoni wakale samaki, nikafunga lango, nikaenda stoo, nikafungua kamba ya shuka.

"Mimi naweza kupanda," nikamwambia Mwalimu. "Nitashika nyuma."

Alifunga leso kiunoni juu ya suruali ya michezo ambayo nadhani alikuwa amejishonea mwenyewe. Akapanda. Nikashika kiti. Tulikwenda hatua nne, akaanguka upande wa kuku. Tukaenda hatua sita, akaanguka upande wa kamba ya nguo, na shuka la maua nililolianika pale likamfunika kichwa. Nilikimbia nikidhani ameumia. Chini ya shuka kulikuwa na sauti, na nilipolifunua nikamkuta anacheka, machozi yakimtoka, miwani imening'inia sikio moja. Mwanamke aliyekuwa akitisha kata nzima alikuwa amelala kwenye vumbi akicheka kama msichana wa darasa la tatu, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwona isipokuwa mimi. Alianguka mara kumi na moja siku ile. Mara ya kumi na mbili nilimwachia bila kumwambia, akaenda mwenyewe kutoka nguzo ya tatu hadi ya tisa.

"Umeshika?" akapiga kelele.

"Nimeshika!" nikajibu kutoka mbali.

Yadi yetu ilikuwa na desturi ya kurudi kukagua ua baada ya mvua za kwanza, maana nguzo ikitaka kuinama itainama wakati huo. Nilirudi baada ya miezi miwili, na safari hii Wafula naye alikuja, kwa sababu tulikuwa tunakwenda pia kumjengea naibu wa chifu. Tulishuka kwenye lori pale chini karibu na feri. Nilisikia kengele kabla sijaona kitu. Watu walianza kupisha njia. Pikipiki mbili zilikimbilia mtaroni. Na katikati, akiteremka kutoka juu, leso ikipepea, miwani imefungwa kwa mnyororo, alikuja Mwalimu Consolata juu ya baiskeli nyekundu.

"Mwalimu! Mwalimu! Mwalimu!" ufuo mzima ukaitikia.

"Breki!" akatupigia kelele alipotupita. "Breki bado sijajifunza!"

Mbele kulikuwa na foleni ya feri, na mbele ya foleni kulikuwa na ziwa. Aliyemshika alikuwa naibu wa chifu. Alitupa kofia, akakimbia kando ya baiskeli, akadaka keria ya nyuma kwa mikono miwili, na wote wawili wakasimama hatua chache kutoka majini, wanahema.

"Hii ndiyo ulikuwa unaficha?" akamwuliza.

"Hii ndiyo."

"Mwalimu! Si ungetuambia tukufundishe?"

"Nyinyi? Mngenicheka mpaka Mbita isikie."

Alifikiri, akakiri, "Kweli, tungecheka." Na akacheka, na wavuvi wakacheka, na yeye Mwalimu akacheka kuwashinda. Yule mama wa dukani alikuwa amekuja na soda, akaiweka mkononi mwa Mwalimu mwenyewe, akavifunga vidole vya Mwalimu juu ya chupa. Nilimwona Mwalimu akiishika soda ile muda mrefu kabla ya kuinywa.

Wafula alikagua nguzo zote ishirini na saba kwa timazi siku hiyo. Alipofika ya mwisho alikunja uzi, akauweka mkononi mwangu, akaenda kumtafuta mtu wa kumpa samaki wa kukaanga. Mwaka uliofuata alirudi kwao Bungoma kupumzika, nami nikawa nyapara wa kudumu.

Baada ya hapo nilijenga nyua nyingi ambazo sitawachosha nazo. Nilijenga Milimani, ambako viwanja ni vikubwa na miti ni mizee kiasi kwamba unachimba mizizi badala ya udongo. Nilijifunza nguzo za chuma, nilijifunza mbao za plastiki zinazoletwa zimefungwa kama biskuti. Nilipata mameneja watatu, wa mwisho wao msichana mpole aliyesoma biashara, ambaye aliniita Mama Fundi na kuniuliza kabla ya kumtumia mteja kila kwotesheni ya bei. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Siku ya kuniaga yadini walipika samaki na kuku, na vijana walitoa hotuba wakinisifu kwa mambo ambayo nusu yake sikuyafanya. Nilikula sana.

Sasa asubuhi natembea kwa sababu daktari ameniambia nitembee. Napita mitaani, na kila mara nakutana na kazi ya mikono yangu, mbao zimegeuka kijivu. Siwezi kuona ndani. Hilo ndilo nililolipwa kulifanya. Huwa najiuliza huko nyuma wanafanya nini, na sipati jibu, nami nafurahi tu.

Wiki iliyopita nilipita Milimani nyuma ya nyumba ya hakimu mmoja mstaafu. Nilimjengea miaka mingi iliyopita, na sijawahi kupata mteja mkali kama yule. Alipima nafasi za misumari kwa rula, na katika majuma mawili hakutabasamu hata mara moja. Nilisimama kupumzisha magoti. Ndani ya ua nikasikia sauti ya mtoto mdogo.

"Babu, kimbia! Farasi hachoki!"

Kukawa na kishindo cha mtu mzima anayetambaa kwenye nyasi. Halafu hakimu, kwa sauti ile ile iliyowahi kunihoji kuhusu misumari, akalia kama farasi. Akalia vibaya sana, kama mbuzi mwenye mafua, na mtoto akamwambia arudie, naye akarudia.

Nilifunika mdomo kwa leso nisisikike. Nikagonga nguzo iliyokuwa karibu nami kwa kiganja, nikaiona imara, nikaendelea na safari yangu ya sokoni.